Usimtafsirie "pole"
Ukiishi na mwenza Mzungu, neno "pole" liache kama lilivyo, usiligeuze kuwa "sori". Mume wangu Mjerumani alikuwa akijikwaa namwambia sori, naye ananishangaa: "Kwani wewe ndiye uliyenisukuma?" Kumbe akilini mwake nakiri kosa! Pole haina kosa ndani yake. Kosa lina samahani yake. Mweleze mara moja, siku mmetulia, kwamba maana yake ni "nimeona umeumia", kisha mfundishe kujibu "asante, nimeshapoa". Siku hizi nikirudi kazini hoi ananipa pole yeye mwenyewe (lafudhi tuiache). Haifai pale ulipomkosea wewe, maana hapo itasikika kama unakwepa. Wala kwa mama mkwe ambaye hajaelezwa.