Ndoo ya taka inayojifungua kwa servo na Arduino

Tafuta Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), servo SG90 (mota ndogo inayogeuka hadi pembe uliyoiamuru), sensa ya masafa HC-SR04, kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) ya maikrofaradi 470 hadi 1000 (volti 10 au zaidi), chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2, waya wa USB wa kukata, na ndoo yenye mfuniko mwepesi.

Anza na mfuniko, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. SG90 ina nguvu ya takriban kilo-sentimita 1.8, yaani huinua kilo 1.8 zikiwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili wake. Mfuniko wa gramu 150 wenye urefu wa sentimita 20, uzito wake uko sentimita 10 kutoka kwenye bawaba: 0.15 × 10 ni 1.5. Servo itauinua kwa taabu na meno yake ya plastiki hayatadumu. Tengeneza mfuniko wa gramu 60 hivi, ubaki na 0.6.

Sasa umeme. Usiilishe servo kutoka pini ya 5V ya Arduino. SG90 ikikwama hufyonza miliampea 600 na zaidi, wakati USB ya kompyuta kwa kawaida hutoa 500. Volti zikishuka ghafla, Arduino inazima na kuwaka upya, mfuniko unarukaruka, nawe unaanza kutafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa lolote. Kata waya wa USB, hakikisha chanya na hasi kwa multimita, kipimo cha umeme (usiamini rangi peke yake), kisha peleka umeme wa chaja moja kwa moja kwenye servo: nyekundu ni chanya, kahawia ni hasi. Kapasita ikae karibu na servo, upande wenye mstari uende hasi; ukiigeuza inaweza kupasuka.

Hasi ya chaja lazima iungwe na GND (pini ya hasi) ya Arduino. Bila hiyo, ishara haina msingi wa kupimwa, na servo itatetemeka tu au isitikisike kabisa.

Waya wa servo wa rangi ya chungwa, unaobeba ishara, uende pini 9; kwenye sensa, Trig (inayoamuru kutuma sauti) iende pini 7, Echo (inayotoa muda wa mwangwi) pini 8. Sensa yenyewe haili umeme mwingi, ipe 5V ya Arduino.

Kwenye programu, muda wa Echo kwa maikrosekunde gawanya kwa 58 upate sentimita. Umbali ukiwa chini ya 15, fungua kwa sekunde 3. Ila pulseIn, amri ya Arduino inayopima muda huo, isipopata mwangwi hurudisha 0, na 0 ni chini ya 15, kwa hiyo ndoo itajifungua bila mtu. Kataa kila 0, dai vipimo vitatu mfululizo vinavyokubaliana, na acha milisekunde 60 kati ya kimoja na kingine.

Mkono wa servo uubandike mwishoni, baada ya kuiamuru iende kwenye pembe ya kufunga. Usiizungushe kwa vidole. Ikiendelea kunguruma wakati mfuniko umeshafunga, inausukuma ukingo wa ndoo na itapata moto. Punguza digrii mbili mbili hadi inyamaze.