Namna ya Kutambua Rangi Sahihi za Ndege za Uchukuzi za Kijeshi kwa Ajili ya Modeli

Swali la "C-130 ina rangi gani?" halina jibu. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1954 na hadi leo ingali inaundwa. Katika jeshi la Marekani peke yake imeonekana ikiwa alumini tupu, ikiwa na mabaka ya kijani na rangi ya mchanga, ikiwa na mabaka ya kijani na kijivu kilichokoza, na baadaye ikiwa ya kijivu kitupu kuanzia puani hadi mkiani. Kwa hiyo kabla hujafungua kopo lolote, chagua ndege moja: nambari yake ya mkiani, kikosi chake, na mwaka unaotaka kuuonyesha, ikiwezekana hata mwezi. Anayeiruka hatua hii hujikuta amechanganya vipindi viwili kwenye modeli moja, na kosa hilo halifichiki hata kama kila rangi, ikitazamwa peke yake, inalingana na kadi ya sampuli za rangi.

Ukishaijua ndege, tafuta kiwango cha rangi kilichotumiwa na jeshi lake wakati huo. Kwa ndege nyingi za Marekani za baada ya vita kuu ya pili, kiwango hicho ni Federal Standard 595, ambacho kwa kawaida huandikwa FS 595. Kilitolewa mwaka 1956, kikafanyiwa marekebisho mara kadhaa, na mwaka 2017 nafasi yake ikachukuliwa na AMS-STD-595, ambayo iliendeleza nambari zilezile. Inafaa kujifunza kuzisoma nambari hizo zenye tarakimu tano, kwa sababu zinasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Tarakimu ya kwanza hueleza mng'ao: 1 ni rangi inayong'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai. Tarakimu ya pili hutaja kundi la rangi: 0 ni kahawia, 1 nyekundu, 2 machungwa, 3 njano, 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu, 7 ni nyeupe, nyeusi na za metali, na 8 ni zile zinazowaka. Tarakimu tatu za mwisho hupangwa, kwa makadirio, kutoka nyeusi kwenda nyeupe. Basi hata bila kuwa na kadi mkononi unajua kwamba 36081 ni kijivu kizito kisichong'aa, na kwamba 36622 ni kijivu cheupe sana. Unajua pia kwamba 16473 na 36473 ni rangi moja yenye mng'ao tofauti, jambo ambalo huokoa fedha, kwa sababu vanishi isiyong'aa inaweza kukutoa kwenye ya kwanza hadi kwenye ya pili.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Wakati wa vita vya Vietnam, ndege za uchukuzi za jeshi la anga la Marekani zilipakwa mabaka ya rangi tatu mgongoni: kijani kilichokoza cha 34079, kijani cha kati cha 34102 na rangi ya mchanga ya 30219, huku tumbo likiwa la kijivu cheupe cha 36622, ingawa baadhi ya zilizoruka usiku zilipakwa matumbo meusi. Miaka ya 1980 yalikuja mabaka yaliyoitwa European One, yenye kijani cha 34092, kijani kilekile cha 34102 na kijivu cha 36081, na mabaka hayo yalizunguka ndege nzima hadi tumboni. Angalia kwamba 34102 imo katika mipango yote miwili. Anayetazama picha na kusema "nimeiona kijani ya kati, basi ni ya Vietnam" hajathibitisha lolote. Cha kutafuta ni vile visivyofanana: tumbo jeupe dhidi ya tumbo lenye mabaka, na rangi ya mchanga dhidi ya kijivu cha mkaa. Hata picha isiyo ya rangi inaweza kukata shauri hapa, kwa sababu 30219 hutokea kama baka jeupe waziwazi kando ya kijani, ilhali katika European One hakuna rangi nyepesi hata moja, na ndege nzima huonekana kama kivuli kimoja chenye mipaka hafifu. Kijani za giza nazo zinatofautiana ukizikaribia: 34092 inaelekea kidogo kwenye buluu, na 34079 haina dalili hiyo. Baadaye mipango yote hiyo ilipisha kijivu kimoja, na kwa C-17, ndege nyingine ya uchukuzi ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1991, nambari ya kutafuta ni 36173.

Uingereza ina kiwango chake, BS 381C, chenye nambari za tarakimu tatu. Hercules (ndilo jina la C-130) za kwanza za jeshi la anga la nchi hiyo, zilizoanza kazi mwaka 1967, zilipakwa rangi za jangwani, yaani Light Stone ya 361 na Dark Earth ya 450, zikiwa na matumbo meusi. Baadaye zikahamia Dark Green ya 641 na Dark Sea Grey ya 638. Usijaribu kuzigeuza nambari hizi kuwa za FS kwa kutumia jedwali la mtu mwingine ikiwa unaweza kupata kadi ya BS yenyewe. Majedwali ya ulinganisho hutaja rangi iliyo karibu zaidi tu, na "karibu zaidi" wakati mwingine ni mbali.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa ndege za vita kuu ya pili. FS 595 haikuwapo wakati huo. Ukiona mwongozo wa modeli ya C-47, ndege ya uchukuzi ya Marekani, ya mwaka 1944 umetoa nambari za FS, fahamu kwamba mtu alikaa na kadi za miaka ya baadaye akachagua inayofanana. Rangi halisi za C-47 nyingi zilikuwa Olive Drab namba 41 juu na Neutral Gray namba 43 chini, na mara nyingi kingo za mabawa na mkia zilitiwa madoa ya Medium Green namba 42. Vivyo hivyo Ju 52 ya Ujerumani hutafutwa katika orodha ya wizara ya anga ya nchi hiyo, RLM, ambako mabaka yake ya kawaida ni kijani za 70 na 71 juu na buluu nyepesi ya 65 chini.

Olive Drab inastahili kukaliwa kidogo, maana ndiyo inayowagombanisha watu zaidi. Ikiwa mpya ni kijani chenye ukahawia, lakini jua liliipausha upesi, na rangi ya kila kiwanda ilikuwa na namna yake ya kupauka. Tena usukani wa mkia na sehemu nyingine zinazochezacheza za C-47 zilifunikwa kwa kitambaa, na rangi juu ya kitambaa haikuzeeka sawa na rangi juu ya alumini. Kwa sababu hiyo picha ya C-47 iliyotumika sana huonyesha usukani usiofanana na mkia unaoushikilia. Mtengenezaji modeli anayepaka kila kipande kwa kopo moja huwa ametii kiwango akaikosea ndege. Michirizi ya uvamizi wa Normandy, yaani alama za kuzitambulisha ndege za Washirika, inahitaji jicho hilohilo. Agizo lilitaka michirizi mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, na kwa ndege zenye injini mbili kila mmoja uwe na upana wa inchi 24. Lakini ilipakwa kwa haraka siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944, mara nyingi kwa brashi. Kingo zilizopinda na weupe uliopakwa mwepesi hadi kijani kinaonekana chini yake ni sehemu ya usahihi.

Picha ndizo ushahidi unaotumiwa zaidi na unaodanganya zaidi. Filamu ya zamani isiyo ya rangi ya aina ya othokromatiki haikuona wekundu, kwa hiyo nyekundu na njano hutokea nyeusi na buluu hutokea nyeupe. Mkanda wa njano kiwiliwilini mwa Ju 52 unaweza kuonekana kama wa rangi ya giza. Picha za rangi zilizochapishwa kwenye karatasi miaka ya 1970 nyingi zimeelekea wekundu kwa uzee, wakati slaidi za Kodachrome zilizohifadhiwa gizani zimedumu vizuri zaidi. Njia ninayoipendelea ni kutafuta kwanza, ndani ya picha hiyohiyo, kitu ambacho rangi yake inajulikana: nyota nyeupe ya alama ya taifa, tairi, au fulana nyeupe ya fundi aliyesimama kando ya ngazi. Ikiwa nyota imegeuka ya waridi, basi kijivu cha tumbo nacho kimeongezewa uwaridi, na huna haki ya kukisoma kama kilivyo. Usichukue kamwe rangi kwa kubonyeza picha kwenye skrini na kuiita ushahidi. Umepima hali ya hewa ya siku ile, filamu, skana na skrini yako, na rangi ya ndege imo humo kwa sehemu tu.

Ndege iliyomo makumbusho ni shahidi mzuri ikiwa haijapakwa upya, na mara nyingi imeshapakwa, wakati mwingine kwa rangi ya dukani iliyokuwa karibu. Warejeshaji makini husugua sehemu ndogo kwa msasa laini wenye maji, tabaka baada ya tabaka, hadi alumini itokee, na hapo huonekana duara zilizozungukana kama pete za mti uliokatwa, kila moja ikiwa kipindi kimoja cha maisha ya ndege. Wewe huwezi kufanya hivyo kwa ndege isiyo yako, bali unaweza kuomba ruhusa ya kutazama mahali ambapo brashi ya wapaka upya haikufika: ndani ya milango ya magurudumu, chini ya vifuniko vya ukaguzi, na nyuma ya mabati yanayofunguka. Jua halikufika huko pia, kwa hiyo unachokiona ni rangi katika upya wake.

Sasa kopo. Kampuni za rangi za modeli huandika nambari za FS kwenye vifuniko, na kwa mabaka ya Vietnam unaweza kuanzia na rangi za kampuni ya Humbrol: 116 kwa 34079, 117 kwa 34102 na 118 kwa 30219. Anzia hapo tu, usiamini kifuniko. Paka kipande cha plastiki kilekile cha modeli, juu ya praima (rangi ya msingi) ileile utakayotumia, tabaka mbili, kiache kikauke usiku kucha, tia vanishi, kisha ukiweke juu ya kadi pasiwe na nafasi kati yao. Fanya hivyo mchana, karibu na dirisha, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Niliwahi kulinganisha kijivu cha C-17 usiku chini ya taa ya mezani. Kipande na kadi vilikuwa kitu kimoja, nikapaka modeli nzima kwa furaha. Asubuhi bawa lilikuwa la kijani, na kadi iliyolala juu yake ilikuwa ya buluu. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viambato tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine, na ndiyo maana wataalamu hupima kwa mwanga sanifu wa mchana uitwao D65. Mwenye spektrofotometa ndogo, yaani kifaa cha kupima rangi, anaweza kulinganisha kwa tarakimu za mfumo wa vipimo vya rangi wa CIELAB wa mwaka 1976, ambamo tofauti ya karibu 2.3 huhesabiwa kuwa ndiyo jicho linayoanza kuitambua.

Kuhusu kuipunguzia rangi ukali kwa sababu ya udogo wa modeli, wapo wenye fomula za asilimia. Mimi sizifuati. C-130 yenye urefu wa karibu mita 30 inakuwa na sentimita 41 hivi katika skeli ya 1/72, na hapo matone machache ya kijivu chepesi katika rangi za giza yanatosha. Nyeupe tupu huigeuza 30219 kuwa ya chokaa.

Mchanganyiko ukikubali, andika kwenye daftari nambari ya mkiani ya ndege, tarehe ya picha uliyoitegemea, jina la kopo na idadi ya matone, kisha gundisha kile kipande cha plastiki kwenye ukurasa huohuo, kwa sababu ipo siku bawa litakwaruzika na kopo litakuwa limekauka.