Nusu punje ya ngano: jaribio la kuona homoni ikiamuru kimeng'enya

Wanafunzi wengi hukariri kwamba homoni huiamuru seli itengeneze kimeng'enya, wakaishia hapo. Jaribio hili huwaonyesha jambo lenyewe kwa ngano, wembe na iodini. Punje ikishapata maji, kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya punje, hutoa homoni iitwayo jiberelini. Homoni hiyo hufika kwenye aleuroni, yaani tabaka la seli hai lililo chini ya ganda, na seli hizo huanza kutoa alfa-amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga ili mche upate sukari. (Amilesi za kimea ndizo zinazofanya uji mzito wa togwa uwe mwepesi.) Mwaka 1960 Harugo Yomo huko Japani na Leslie Paleg huko Australia, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba jiberelini yaweza kushika nafasi ya kiinitete katika shayiri. Hilo ndilo tunalolirudia hapa.

1. Chagua nafaka. Tumia ngano nzima au shayiri isiyotiwa dawa ya mbegu, na uhakikishe inaota. Mtama hautufai, kwa sababu amilesi yake hutoka zaidi upande wa kiinitete, na aleuroni yake haiitikii jiberelini kama ya shayiri.

2. Andaa sahani. Koroga gramu 0.5 za wanga wa muhogo na gramu 1.5 za aga (unga wa mwani unaogandisha maji) katika mililita 100 za maji. Chemsha huku ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe laini, kisha mimina kwenye sahani za petri na uache zigande. Usitumie gelatini badala ya aga, maana kwa joto la pwani itakuyeyukia.

3. Kata punje zikiwa kavu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Ukiloweka kwanza ndipo ukate, kiinitete kitakuwa kimeshaanza kupeleka homoni upande wa pili, na nusu unayoiita "haina kiinitete" itakudanganya. Kiinitete kiko kwenye ncha yenye kidoa kilichobonyea. Ncha ya pili ina vinyweleo. Kata katikati kwa wembe mpya, uweke kila upande kwenye chombo chake.

4. Safisha. Zamisha nusu hizo kwa dakika 15 katika jiki iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji 4. Suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usifanye haraka, kwani bakteria na ukungu nao wana amilesi zao.

5. Tengeneza homoni. Mizani ya shule haipimi miligramu 10 kwa uhakika. Pima gramu 0.1 ya asidi ya jibereliki (GA3, aina mojawapo ya jiberelini), iyeyushe katika ethanoli kidogo, ongeza maji hadi mililita 100. Chukua mililita 1 ya hiyo, ongeza tena maji hadi mililita 100. Sasa una miligramu 10 kwa lita, zinatosha kabisa. Maji matupu utakayolinganisha nayo yatie ethanoli kiasi kilekile, mtu asije akasema ni pombe iliyofanya kazi.

6. Panga makundi manne. Loweka kwa muda wa saa sita:

- nusu zenye kiinitete, kwenye maji
- nusu zisizo na kiinitete, kwenye maji
- nusu zisizo na kiinitete, kwenye GA3
- nusu zisizo na kiinitete zilizochemshwa dakika 10, kwenye GA3

Usiliache kundi la nne hata kama nafasi ni finyu. Bila hilo huna jibu kwa atakayesema kwamba GA3 yenyewe ndiyo iliyokula wanga.

7. Laza na usubiri. Kausha nusu hizo kidogo, zilaze kwenye aga upande uliokatwa ukiangalia chini, funika, uweke gizani kwa siku 2. Nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi zinafaa.

8. Mwaga iodini. Ondoa nusu zote kwa kibanio, mwagia iodini, subiri dakika chache, umwage iliyobaki. Iodini ya vidonda ya duka la dawa inatosha ukiizimua sehemu 1 kwa maji 10. Penye wanga patakuwa na buluu nzito, na wanga ulipoliwa patabaki duara jeupe. Pima kipenyo cha kila duara.

Tegemea maduara makubwa kwenye kundi la kwanza na la tatu, na kundi la nne lisiwe na kitu. Kundi la pili ndilo huzua ubishi, kwa sababu mara nyingi huwa na duara dogo lenye rangi ya zambarau au wekundu. Usilifute kwenye daftari. Punje kavu ya ngano ina beta-amilesi, amilesi ya aina nyingine, iliyowekwa tayari tangu ilipokuwa shambani. Hiyo huumega wanga kutoka kwenye ncha za minyororo yake ya sukari na kukwama kwenye matawi, na mabaki yake ndiyo yanayotoa wekundu huo kwa iodini. Kwa hiyo tofauti kati ya kundi la pili na la tatu ndiyo kazi ya homoni. Ukisoma kundi la tatu peke yake, unakuwa umeipa homoni sifa isiyo yake yote.

Atakayeuliza kama kimeng'enya kilikuwepo kimejificha, watafiti Filner na Varner walilijibu hilo mwaka 1967. Walizipa aleuroni za shayiri maji yenye oksijeni nzito (aina ya oksijeni yenye uzito kuliko ya kawaida), na alfa-amilesi iliyotoka ikawa nzito pia. Maana yake ilikuwa imetengenezwa upya.

Ukitaka kuendelea, rudia kundi la tatu kwa GA3 iliyozimuliwa mara 10, kisha mara 100, uchore kipenyo dhidi ya kiasi cha homoni. Sahani zilizokwisha kazi zijaze jiki kwa nusu saa kabla ya kuzitupa.