Kuunga Mbao za Mashua kwa Gundi ya Epoksi

Katika kutengeneza mashua hapa Mombasa natumia gundi za aina tatu kwa viungo vinavyobeba mzigo. Poliyurethani huganda kwa unyevu wa hewani na hubaki ikinyumbuka, ndiyo maana hushikilia vioo vya mbele vya magari. Akriliki ya sehemu mbili hukauka kwa dakika chache na kushika chuma na plastiki nyingi. Lakini kwa mbao, mwongozo huu unafuata epoksi, kwa kuwa hujaza mwanya bila kusinyaa sana.

Kwanza, tengeneza kiungo kipana. Gundi huhimili vizuri mvuto unaokwenda sambamba na kiungo, lakini hushindwa upesi inapobanduliwa kutoka ukingoni. Mbao mbili zinazoungwa kichwa kwa kichwa zichongwe mshazari, urefu wake ukiwa mara 8 ya unene wa ubao.

Pili, andaa uso, na hapa usiharakishe kabisa, kwa sababu viungo vingi nilivyoletewa vikiwa vimeachana vilikuwa na gundi nzuri juu ya uso mchafu. Piga msasa namba 80, kisha futa vumbi. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo upanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka. Kwa bamba la chuma, mwagia maji safi: yakitandaa, uso ni safi, yakijikusanya matone, bado una mafuta, nawe rudia kuusafisha, kisha ulikaushe.

Tatu, changanya sehemu mbili za epoksi, yaani resini na kigumishi kinachoigandisha, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka, kama wanavyofanya wenye kuzoea resini ya poliesta, huiacha epoksi ikiwa dhaifu. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kuitumia hupungua kwa karibu nusu. Basi wakati wa kaskazi changanya kidogo asubuhi, uimwage kwenye sinia pana, maana ikirundikana kikombeni hujichemsha yenyewe hadi kutoa moshi. Vaa glavu daima: mzio wa epoksi ukishakuingia hauondoki.

Nne, paka epoksi tupu mbao zinywe, kisha ile iliyokolezwa unga wa silika. Bana kwa jiriwa kiasi tu, gundi ichungulie pembeni. Ukikaza mno utaikamua yote.

Ikikauka, unyevu wetu wa pwani huweza kuacha utando kama nta. Uoshe kwa maji kabla ya msasa, na usishushe mashua majini kabla ya siku 7.