Jenereta ya petroli na gesi: mambo ya kuzingatia kabla hujaileta nyumbani

Kabla hujaenda dukani kununua jenereta inayokubali petroli na gesi ya mtungi, pita kila chumba na karatasi. Andika vitu ambavyo umeme ukikatika saa nane mfululizo huwezi kuvikosa. Taa za LED, feni mbili, televisheni, king'amuzi na chaja za simu kwa kawaida havifiki wati 400. Friji ikishashika hula wati 150 hivi, ila pale kompresa inapojiwasha hudai mara tatu hadi sita ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Pampu ya maji ya hospawa moja hula wati 750 hadi 1,100 ikizunguka, na kuianzisha ni kazi nyingine kabisa. Jumlisha mzigo wa kawaida, kisha ongeza mshtuko (ule umeme wa ziada wa kujiwasha) wa kifaa kimoja tu, kile chenye mshtuko mkubwa kuliko vyote, maana ukiwa makini hutaviwasha kwa pamoja. Pasi, shawa ya umeme na birika vifute kwenye orodha. Kama gesi ipo, maji yachemkie jikoni.

Sasa ndiyo uitazame namba ya kwenye boksi, na usiiamini. Muuzaji atakusomea "kilowati 3". Inama usome kibati cha pembeni: mara nyingi 3 ni uwezo wa dakika chache, na wa kudumu ni 2.8, tena kwa petroli. Ukihamia gesi ya mtungi, toa asilimia 10 hivi. Kisha kuna jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo hana sababu ya kulijua: kila mita 300 za mwinuko injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi karibu 1,800. Huko ile 2.8 ikitumia gesi inabaki 2 tu. Dar es Salaam ingebeba friji na pampu bila kusuasua, Mbeya itakohoa.

Na ndugu aliyeko Marekani akitaka kukutumia ya bei nafuu, mwulize kwanza kama inatoa volti 230 na hezi 50 kama umeme wa hapa. Nyingi za kule ni volti 120 na hezi 60.

Je, kuna haja ya mafuta ya aina mbili? Kwangu jibu ni ndiyo, kwa sababu shida ya petroli na shida ya umeme zinapenda kufuatana. Katikati ya 2023 baadhi ya vituo vya mafuta Tanzania vilikauka, na kabla mwaka haujaisha mgao wa umeme ukarudi. Isitoshe, petroli ikikaa kwenye tangi miezi kadhaa huchakaa na kuacha gundi ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Gesi haichachi. Ndiyo maana ningeifanya gesi kuwa mafuta ya kila siku na petroli kuwa akiba. Ukitumia petroli, siku ya kumaliza funga koki yake na uache injini izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu.

Mtungi nao una masharti. Wa kilo 6 utakuangusha. Gesi ndani yake ni kimiminika kinachogeuka mvuke kwa kunyonya joto la mtungi wenyewe, na injini ikivuta kwa kasi utaona jasho likishuka ubavuni, kisha utando wa barafu, kisha mlio wa injini unapanda na kushuka. Njombe mwezi wa Julai hali hiyo huja mapema zaidi. Chukua wa kilo 15 au 38, na usiulaze hata kidogo, kwani kimiminika kitaingia kwenye mpira wa gesi. Regyuleta ya jiko usidhani itafaa. Valvu hazifanani na presha pia, kwa hiyo nunua ile inayotakiwa na jenereta yako na upake povu la sabuni kwenye maungio kutafuta mvujo kabla ya kuwasha.

Kilo moja ya gesi ina joto la uniti karibu 13, na injini ndogo hugeuza takribani sehemu moja ya tano kuwa umeme ikibebeshwa mzigo wa kutosha. Mtungi wa kilo 15 kwa hesabu hiyo hutoa uniti 39 hivi, ila kwa tahadhari usiupangie zaidi ya 30, na ukiwasha taa mbili tu usiku kucha utapata pungufu sana, maana injini hula hata ikizunguka bila mzigo. Afadhali uiwashe kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa tatu jioni. Friji isiyofunguliwa hukaa na baridi saa nne hivi, friza iliyojaa hadi siku mbili.

Mahali pa kuiweka hapana mjadala: nje kabisa, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, ekzosi ikitazama upande wa pili. Barazani na gereji iliyoachwa wazi navyo havifai. Kaboni monoksaidi haina harufu, na watu hufa wamelala. Mtungi ukae mbali na ekzosi na mbali na shimo lolote, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Usikubali fundi akuchongee waya wenye plagi dume pande zote mbili ili uchomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utatoka hadi transfoma, upandishwe hadi volti 11,000 au 33,000, na umkute fundi wa TANESCO juu ya nguzo akijua laini imezimwa. Dai swichi ya chenjiova, inayoitenga nyumba na laini ya TANESCO unapotumia jenereta, na waya wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, gharama iwe sehemu ya bei ya jenereta tangu mwanzo.

Oili ya kwanza kwa injini nyingi humwagwa baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Mara moja kwa mwezi iwashe dakika 15 hivi.

Jaribio lenyewe lifanye wiki uliyoinunua, umeme ukiwepo. Geuza chenjiova, washa friji, subiri ishike, ndipo uite pampu. Taa zikififia kidogo na kurudi, sawa. Injini ikizimika, irudishe dukani risiti ikiwa bado mfukoni.