Haibiskasi ya nchi za baridi: usiing'oe mwezi wa tano

Ndugu mlioko Marekani kaskazini mnaotamani haibiskasi kama zile za ua wa nyumbani, angalieni mnachonunua. Yenye majani ya kung'aa, hasa ikiwa na maua ya njano au ya chungwa, ni ile ya kwetu ya joto. Baridi kali ikiipiga nje, imekwenda. Inayostahimili theluji ni Hibiscus moscheutos. Majani yake hayang'ai, na maua ni meupe, ya waridi au mekundu, mengine makubwa kama sahani ya wali. Kila ua hudumu siku moja tu, lakini matumba ya maua hufuatana wiki nyingi.

Shida huanza baridi inapoisha. Shina lote hufa hadi ardhini wakati wa baridi, na mmea huu ni mvivu kuamka: jirani zake wote wamechanua, wenyewe bado kimya. Wengi hudhani umekufa wakauchimba. Subiri hadi katikati ya mwezi wa sita. Acha vijiti vya mwaka jana, kama sentimita 15, vikuonyeshe ulipo usije ukapitisha jembe juu yake.

Asili yake ni kwenye vinamasi, kwa hiyo maji usiyabane. Udongo ukikauka, matumba hudondoka kabla ya kufunguka. Upate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Majani yakitobokatoboka, geuza upande wa chini uwatoe viwavi kwa mkono.