Vibarua wakiletwa getini wakati wa mgomo: namna ya kuwazuia kisheria

Wafanyakazi wa ghala la tumbaku Tabora au wa machimbo ya chumvi Uvinza wakigoma, mwajiri hukimbilia kuokota vibarua asubuhi ili kazi iendelee. Kifungu cha 76(3) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinamkataza kutumia wafanyakazi mbadala. Lakini kinalinda mgomo halali tu. Mkigoma kienyeji hamna pa kushika, kwa hiyo vibarua huzuiwa wiki kadhaa kabla hawajafika.

Anzeni kwa kupima dai lenu, tena kwa makini kuliko hatua nyingine yoyote. Nyongeza ya mshahara au posho mpya ni mgogoro wa maslahi. Huo unaweza kugomewa. Mshahara uliocheleweshwa, saa za ziada zisizolipwa au mtu kuachishwa kazi ni malalamiko: yanakwenda kwenye usuluhishi kisha uamuzi, hayagomewi hata kama yanauma kuliko yote. Jambo ambalo mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, umeshalimaliza nalo haligomewi. Huduma za maji, umeme, afya na zimamoto zina masharti yake.

Dai likifaa, jazeni Fomu Namba 1 na kuiwasilisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, chama cha wafanyakazi kiitishe kura kwa mujibu wa katiba yake. Mgomo upite kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Tunzeni karatasi za kura na orodha ya waliopiga.

Kisha mpeni mwajiri notisi ya saa 48. Nakala yenu igongwe muhuri na iandikwe saa ya kupokelewa: ikipokelewa Jumatatu saa nne asubuhi, msiweke zana chini kabla ya saa nne ya Jumatano. Siku hizohizo orodhesheni vibarua waliopo na kazi zao, la sivyo mwajiri atadai kwamba wageni walikuwepo tangu zamani.

Wageni wakija, msizibe geti wala kumfungia mwajiri ndani. Kifungu kilekile kinakataza hayo, na mkiyafanya mnampa mwajiri hoja mahakamani. Andikeni tarehe, saa, idadi ya watu na kazi wanayofanya. Pigeni picha mkiwa barabarani. Chama kimwandikie mwajiri kumtaka aache. Akikaidi, nendeni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Zuio hutolewa na mahakama hiyo peke yake, basi msipoteze siku kwa mkuu wa wilaya. Maombi yanahitaji notisi ya saa 48 kwa mwajiri, isipokuwa mahakama ikubali muda mfupi zaidi kwa sababu nzito. Inaweza pia kuamuru fidia.

Mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kushiriki mgomo halali, ila halazimiki kulipa siku ambazo hakufanya kazi. Wekeni akiba ya unga na kodi ya nyumba kabla ya kupiga kura.